Damu ya Kulinganishia

Machi 4

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi. Nilikuwa nimeanika nguo. Nilisimama dirishani nikaziona zikilowa, sikutoka kuzianua.

Daftari hili nimepewa na mdogo wangu. Nyumbani tunamwita Yai kwa sababu alilelewa kama yai: asianguke, asigongwe, asing'olewe jino bila kikao cha ukoo mzima. Ana mimba ya miezi saba, na damu yake haigandi. Alinikabidhi daftari akasema, "Dada, andika kila siku mpaka nijifungue. Nikipona tutalisoma tucheke. Nisipopona, mtoto ajue mama yake alikuwa na mdomo."

Nikasema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu.

Machi 5

Mvua. Kazi. Chai ya Shangazi ilikuwa na uchachu. Niliinywa.

Machi 8

Jana Yai alilichungulia daftari akasema hata risiti ya duka ina maneno mengi kuliko haya. Basi niandike.

Nafanya kazi katika maabara ya damu, ghorofa ya pili ya hospitali, chumba chenye madirisha yasiyofunguka. Tunachunguza chembe sahani, zile chembe ndogo za damu ambazo kazi yake ni kuziba palipokatika. Kila chembe imevikwa utando, na juu ya utando huo kuna protini za kila aina, maelfu kwa maelfu. Moja ya hizo protini ni kama mkono. Chembe ikiwa inaelea tu, mkono umekunjwa. Mshipa ukikatika, protini nyingine inanasa penye jeraha, habari inaingia ndani ya chembe, kisha inarudi juu kwenye utando, na mikono yote inakunjuka. Ndani ya damu kuna protini nyingine ndefu kama uzi. Chembe hii inashika ncha moja ya uzi, jirani yake anashika ncha ya pili, na jirani wa jirani vivyo hivyo, mpaka tundu linazibika. Mtu anajikata na kisu jikoni, anatia kidole mdomoni, anaendelea kumenya vitunguu. Hajui ni shughuli gani imefanyika.

Yai hana hiyo mikono. Chembe anazo tele, lakini alizaliwa bila protini ile kwenye utando wake. Zinafika penye jeraha, zinaitana, hazishikani.

Mume wangu alikuwa nayo, tena mizuri. Alikuwa fundi rangi. Alianguka kutoka kwenye ngazi, akavunjika mguu, akafungwa plasta. Katika mguu ule uliolala tu kutwa kucha, damu ikashikana mahali ambapo hapakuwa na jeraha lolote. Bonge likapanda mpaka kwenye mapafu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni akiomba maji. Mimi nilikuwa kazini, nikipima damu za watu.

Hiyo ilikuwa Julai. Sijalia bado. Watu walikaa wakisubiri nilie, wakachoka, wakaenda makwao. Ukuta wa chumbani aliuacha nusu kijani, nusu mweupe. Nalala nikiutazama, na sisikii chochote.

Machi 9

Jumamosi. Mvua. Nimekaa.

Machi 13

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Alikuja kumuuguza mume wangu mguu, akamwona akianguka, akabaki kwa ajili ya msiba, na msiba ulipoisha akasahau kuondoka. Analala chumba cha nyuma na cherehani yake. Ana ugonjwa wa moyo. Daktari alimpa vidonge vidogo vyeupe vya aspirini, kimoja kila asubuhi, ili damu yake isigande ovyo. "Vya maisha," huwa anasema, kana kwamba anazungumzia ndoa.

Leo maharage yalikuwa na chumvi ya kukunja ulimi. Nikala. Akawa ananitazama.

"Chumvi imekaa sawa?"

"Iko sawa, Shangazi."

"Nimetia vijiko vitatu. Kusudi."

"Sawa."

Akaninyang'anya sahani, akaenda kuyamwaga. "Mwanangu," akasema akiwa amenipa mgongo, "mtu asiyelalamika si mtu, huyo ni kabati."

Machi 14

Mvua. Chai chachu. Labda ni ulimi wangu.

Machi 19

Yai amekuja kliniki, akapita maabara kunisalimia. Ana alama ya damu iliyovilia, rangi ya zambarau, kwenye paja kwa kugonga kona ya kitanda. Daktari wa uzazi amepanga siku ya kujifungua: tarehe ishirini na mbili Aprili. Hataki uchungu umshtukize.

Mpango ni huu. Mtoto akitoka, kondo la nyuma likibanduka, pale ndani panabaki jeraha kubwa, na Yai hana cha kuliziba. Lazima atiwe chembe sahani za mtu mwingine. Lakini tangu utotoni ameongezewa damu za watu mara nyingi mno, mpaka mwili wake umejifunza kuzikataa. Chembe za mgeni zinaangamizwa kabla hazijafika kazini. Kaka yetu alipimwa, hakulingana naye. Mimi ndiye ninayelingana. Nitatoa chembe zangu kabla ya yeye kuingia chumba cha kujifungulia, na hizo tu ndizo atakazokuwa nazo.

"Kwa hiyo dada usigongwe na gari," akasema. "Wala usikasirike ukahama nchi."

"Sawa."

Akanishika shavu akalivuta kama anavyovutwa mtoto mkaidi. "Umo humo ndani?"

Nikamwambia nimo. Sina hakika.

Machi 20

Mvua.

Machi 27

Kuna jambo sijalieleza. Kila asubuhi, kabla hatujampima mgonjwa yeyote, mmoja wetu aliye mzima anatoa sirinji moja ya damu yake. Hiyo ndiyo damu ya kulinganishia. Tunaitenga sehemu yenye chembe sahani, majimaji ya rangi ya manjano yenye ukungu, tunaiweka kwenye kichupa ndani ya mashine, na mwanga unamulikwa kupitia humo. Kisha tunadondosha dawa ya kuziamsha chembe. Zikishikana zinakuwa mabonge, ukungu unatoweka, mwanga unapita, na mstari kwenye skrini unapanda mlima. Ya mzima ikipanda, tunajua mashine ni nzima na dawa ni nzima. Ndipo tunamweka mgonjwa.

Kwa miaka saba damu ya kulinganishia ilikuwa yangu. Ndiyo maana kazini wananiita Mizani. Niliporudi kutoka msibani, Bosi alisema nipumzishwe, akaanza kutoa mwenzangu tunayemwita Mnyamavu. Anaitwa hivyo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Anatoa damu huku akisimulia, na sindano ikichomolewa hadithi bado iko katikati.

Leo ameniambia, "Mizani, rudi kazini kwako. Mkono wangu umekuwa kichujio cha chai." Bosi akasema bado kidogo, nitapimwa karibu na siku ya Yai. Kwangu ni mamoja.

Aprili 2

Mvua imeangusha ukuta wa jirani. Shangazi ananiambia nitembeetembee, nisikae kwenye kiti kimoja kutwa. Ananiambia kila siku. Leo alinivua viatu akanikanda miguu, bila kunieleza kwa nini. Nilimwacha.

Aprili 3

Chai. Kazi. Chai.

Aprili 11

Leo Bosi amesema, "Haya, Mizani, tukuone kabla ya mambo." Mnyamavu akanitoa damu, akisimulia habari za shemeji yake aliyenunua jokofu lisilo na mlango. Tukaizungusha, tukaitenga, tukaiweka. Akadondosha dawa.

Mstari ulipanda kidogo, ukasita, ukashuka.

"Dawa imeharibika," akasema Mnyamavu. "Unyevu huu! Hata chumvi nyumbani inalia machozi." Akafungua chupa mpya. Vilevile. Akapangusa mashine, akaizima, akaiwasha, akaipiga kofi la kirafiki. Vilevile. Mwishowe akajitoa damu mwenyewe, akaiweka kwenye kichupa cha pembeni. Mstari wake ukapanda mlima bila taabu.

Tukatazamana. Akaenda kumwita Bosi.

Bosi ni mama mfupi anayevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na hatumwambii. Alitazama mistari kwa muda mrefu.

"Umekunywa aspirini?"

"Sijanywa."

"Dawa ya kichwa? Ya mafua? Kitu chochote cha dukani?"

"Sijanywa kitu, Bosi."

"Siulizi kipolisi. Mtu aliyefiwa anaweza kumeza kitu asikumbuke."

Nikawaza kwamba inawezekana. Mwezi uliopita nilijikuta kituo cha basi na kikombe cha chai mkononi. Basi nikasema sijui.

Bosi akaketi. "Nisikilize. Huu mstari unafanana na wa mtu wa aspirini. Kama ni aspirini, hatujaharibikiwa. Unaacha, mwili unatengeneza chembe mpya kila siku, tunasubiri. Lakini kama siyo, basi kuna kitu kimeharibika kwenye chembe zako na sikijui. Siwezi kumtia mama mjamzito kitu nisichokijua. Na sina mwingine wa kumtia."

Nikaelewa kila neno. Nilisubiri hofu ije. Haikuja. Hilo nalo niliandike, kwa kuwa ni kweli: niliambiwa huenda mdogo wangu atakufa, nikatazama miwani iliyokuwa kichwani mwa Bosi.

Nyumbani nimepekua kila droo, mikoba yangu, hata mifuko ya ovaroli ya mume wangu iliyoganda rangi. Hakuna kidonge. Shangazi akauliza natafuta nini. Nikamwambia nimepoteza kitu.

Kabla sijatoka kazini Bosi alikuwa amesema tupate damu ya mtu anayemeza aspirini kila siku, tuiweke sambamba na yangu katika mashine ileile, tuone kama mistari inafanana. Mtu huyo ninaye nyumbani.

"Damu yangu ya kizee mnaitakia nini?" Shangazi akauliza.

"Ni ya kulinganishia. Ni kwa ajili ya Yai."

"Lazima iwe mimi?"

"Wewe ndiye unayemeza vile vidonge."

Akaanza kukunja kitambaa cha meza ambacho kilikuwa tayari kimekunjwa. "Kwa Yai hata mguu nitatoa," akasema. "Sasa hiyo mashine inaona nini, mwanangu?"

"Inaona kama damu inashikana."

"Haioni mengine?"

"Mengine yapi?"

Akasema basi, twende kesho.

Aprili 12

Siku ndefu. Nitaiandika yote.

Leo Shangazi hakunywa chai, na hakunipa. Alisema majani yamekwisha. Alivaa gauni lake la harusi za watu na viatu vinavyombana. Maabarani aliwasalimia wote, hata mashine. Mnyamavu alimwita mama mkwe, akamtafuta mshipa huku akimsimulia habari za jokofu, na Shangazi akamwambia, "Baba, sindano nitaivumilia. Hadithi ndiyo inayoniuma."

Tukaweka vichupa viwili. Kushoto yangu, kulia ya Shangazi. Nilidondosha dawa kwa mkono wangu mwenyewe.

Wangu ulipanda kidogo, ukashuka, kama jana.

Wa Shangazi ulipanda. Ulipanda moja kwa moja, ukafika juu, ukatulia huko.

"Lahaula," akasema Mnyamavu. "Shangazi ana damu ya msichana!"

Bosi akashusha miwani ya kichwani, ikagongana na ile ya machoni. "Huyu hamezi aspirini," akasema. "Huyu hajameza kwa siku nyingi."

Shangazi alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, amebonyeza pamba mkononi, anatazama sakafu. Niliitazama ile mistari miwili. Mtu wa aspirini damu yake nzima, na mtu asiye na aspirini damu yake imenyamazishwa. Vidonge vilikuwa vimekwenda mahali. Nikakumbuka ladha.

"Chai," nikasema.

Hakukana. "Nilikiponda kwa mgongo wa kijiko," akasema. "Kimoja kila asubuhi. Ni kidogo sana, mwanangu, hata mtoto hapewi kidogo vile."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kula."

"Na wewe ulikuwa unameza nini?"

"Vilikuwa vya mtu mmoja. Ningemwambiaje daktari aniongeze? Mimi dunia nimeshaiona, hata ikifungwa leo sina ninachodai."

Bosi alitaka kusema kitu, Mnyamavu akamgusa kiwiko. Wakatoka wote wawili. Nikabaki naye na mashine inanguruma.

"Kwa nini, Shangazi?"

Akainua uso. "Mimi ndiye niliyekuwepo. Wewe hukumwona. Alisema, Shangazi, naomba maji. Nikageuka kuchukua bilauri. Ni kugeuka tu. Daktari akanieleza: mguu ulilala mno, damu ikaganda. Kisha nikakuona wewe. Huli, husemi, unakaa kwenye kile kiti kutwa, miguu imelala kama ile yake. Nakukanda haiamki. Nikasema, na huyu ataganda. Na huyu naye ataniangukia hapo mlangoni nimeshika bilauri. Na dawa ya kuzuia damu isigande ninayo kabatini, naimeza mimi, kikongwe." Akaigeuza pamba mkononi. "Sikujua kwamba ni damu hiyohiyo ya kumpa Yai. Hukuniambia."

Kweli sikumwambia. Yai alidhani nimemwambia, na mimi sikumwambia mtu yeyote kitu chochote tangu Julai.

Nilitaka kukasirika. Niliitafuta hasira kila mahali kama nilivyotafuta vidonge. "Sawa, Shangazi," nikasema.

"Usiniambie sawa!" Akapiga benchi. "Nitukane! Nifukuze! Nimeharibu damu ya mtoto wa kaka yangu, nimemweka mwingine roho mkononi, unaniambia sawa?"

Nikachukua plasta ndogo, nikambandika mahali pa sindano.

Baadaye Bosi alinieleza ninachokijua, na nilihitaji kuelezwa. Aspirini haikati mikono. Mikono bado ipo kwenye utando, mizima. Inachofanya ni kuziba sauti: chembe ikigusa jeraha haiwezi kupiga kelele kuwaita wenzake. Na ikishanyamazishwa haiponi, inakufa kimya baada ya siku kama kumi. Lakini kila siku mwili unaleta mpya zenye sauti. Tumebakiwa na siku kumi kamili. "Zinatosha," akasema Bosi, "ilimradi mdogo wako asifanye haraka."

Aprili 13

Mstari umepanda kidogo kuliko jana. Mvua haijakatika.

Nimemwambia Yai. Alicheka kwenye simu mpaka nikamsikia shemeji, mume wake, akimsihi aache, atajiumiza. "Yaani Shangazi amekaribia kuniua mimi kwa kukupenda wewe," akasema. "Mpe simu." Shangazi alikataa kuipokea.

Aprili 14

Umepanda tena. Shangazi haingii jikoni. Amefunga cherehani yake kwa kamba na kuiweka mlangoni, lakini mvua haimruhusu kuondoka. Asubuhi namwekea kidonge kiganjani, nasimama mpaka akimeze. Chai nimepika mimi. Ilikuwa maji ya moto yenye rangi.

Aprili 15

Kama nusu ya mlima. Mnyamavu anauchora mstari wa kila siku kwenye ubao na kuupigia makofi.

Aprili 16

Kama jana na zaidi kidogo.

Aprili 18

Naandika ya jana.

Yai alifanya haraka. Chupa ilipasuka asubuhi akiwa anachana nywele. Shemeji alipiga simu akiongea kama mtu anayekimbia, na nadhani alikuwa anakimbia kweli, ndani ya nyumba. Nilimwamsha Shangazi nikamwambia avae. Alisema yeye aende kufanya nini, si ndiye mharibifu. Nikamwambia, "Vaa." Akavaa.

Bosi alikuwa ananisubiri mlangoni, miwani moja tu. Nikapimwa kwanza. Mstari ulifika juu kidogo ya nusu. Daktari wa uzazi akauliza kama inatosha. Bosi akasema, "Zilizo bubu bado zina mikono. Zikisikia wenzao wakiita, zinashika. Hatuhitaji wote waite." Daktari akasema hakuuliza hivyo, aliuliza kama inatosha. Bosi akasema, "Ndiyo iliyopo."

Nikalazwa kwenye kiti cha kutolea. Mashine inavuta damu kwa mkono mmoja, inachuja chembe sahani, inarudisha damu iliyobaki kwa mkono wa pili. Baada ya muda midomo ikaanza kuwasha, kisha pua. Ni ile dawa ya kuzuia damu isigande mirijani, hufanya hivyo. Muuguzi akauliza, "Unahisi kitu?" Nikamwambia nahisi midomo. Akanipa kidonge cha kalsiamu nitafune, akasema nikihisi zaidi niseme. Ni siku nyingi tangu mtu aniulize swali hilo nikawa na jibu.

Mfuko ulijaa, rangi ya manjano kama maji ya embe lililochujwa. Chembe sahani hazikai kwenye baridi, na hazitaki kutulia. Lazima zitikiswe polepole mpaka zitumike. Tulikuwa tumeuweka kwenye kitikisio, umeme ukakatika. Jenereta ikakohoa, ikakataa. Mnyamavu akautwaa mfuko viganjani, akaanza kuubembeleza huku na huku, akatembea nao hivyo korido nzima mpaka kwa Yai. Hakusema hata neno moja njia nzima.

Tukakaa nje, mimi, Shangazi na shemeji. Mtoto alilia. Shemeji akasimama. Hakuna aliyetoka. Akakaa.

Mlango ulifunguliwa, muuguzi akapita na kapu la vitambaa. Vilivyokuwa juu vilikuwa vyekundu, na vya chini vilikuwa vyekundu. Shangazi alinishika mkono. "Zimeshatiwa?" akauliza.

"Zinatiwa sasa."

"Zinafanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia zinavyokwenda na damu mpaka penye jeraha, zinavyonasa, zinavyoita, mkono unavyokunjuka na kushika uzi, na mwingine upande wa pili. Nilimwambia nusu yake zimenyamazishwa na kidonge chake, na kwamba hizo zinangoja kusikia wenzao. Sikusema ili kumuumiza. Aliniuliza, nami najua. Akawa anasikiliza kwa midomo wazi, akifumba na kufumbua vidole.

"Shikeni," akaanza kusema kwa sauti ndogo. "Shikeni, wanangu. Shikeni."

Muuguzi akapita tena na kapu. Kisha tena. Mara ya nne kapu lilikuwa na vitambaa viwili.

Daktari akatoka akiwa amevua kofia. "Inapungua," akasema. Akarudi. Shangazi hakuacha. Shikeni, shikeni. Shemeji naye akaanza kulisema, mtu wa hesabu, mwalimu wa sekondari. Mimi midomo ilikuwa bado inawasha.

Alipotoka tena alisema imesimama.

Shangazi akauachia mkono wangu. Ulikuwa na alama za kucha nne.

Aprili 19

Yai ni mweupe kama karatasi na ameanza kutukana wauguzi. Mtoto wa kike. Kagongwa bega kidogo wakati wa kutoka, pana wekundu, haukuenea. Chembe zake zina mikono.

Aprili 23

Mvua kidogo. Cherehani bado iko mlangoni.

Mei 3

Mvua imekatika. Jana nilianika nguo, zikakauka.

Kesho Yai anakuja na mtoto kulichukua daftari, tulisome tucheke kama alivyoahidi. Niandike la leo kabla hajalibeba.

Niliamka nikasikia sufuria. Shangazi alikuwa jikoni, mara ya kwanza tangu siku ile. Nikamwekea kidonge kiganjani. Akakimeza, akafungua kinywa akanionyesha ulimi kama mtoto wa shule. Kisha akanisogezea kikombe.

"Haina kitu," akasema.

"Najua."

"Ni majani, maziwa na sukari."

"Najua, Shangazi."

Nikanywa. Nikakiweka kikombe mezani.

"Sukari imezidi," nikasema.

Akashika ukingo wa meza. "Umesemaje?"

"Sukari imezidi. Na maziwa umeyaunguza."

Akavuta kiti, akaketi palepale mlangoni mwa jikoni, akajifunika uso kwa mtandio na kuanza kulia kwa sauti, mabega yakimpanda na kushuka. Nilidhani nimemuumiza. Nikamwendea. Akanishika magoti, akasema, "Sema tena, mwanangu. Hebu sema tena."

Nikaanza kusema tena kwamba sukari imezidi. Sikufika mwisho, kwa sababu na mimi nilikuwa nalia.